Picha ya zamani ya Saintpaulia, namba 7408: ni chapa ya 1895 kweli au nakala?

mlima_amani (Tanga)

Habari za humu wakuu. Kuna karatasi yenye mchoro wa Saintpaulia, lile ua la Usambara, inauzwa kama chapa halisi ya 1895. Mwenye nayo amekubali ikaguliwe kabla ya malipo.

Ukubwa ni kama sm 24 kwa 15. Juu ina namba 7408. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kukodolea macho, kuna "M.S. del., J.N. Fitch lith.", upande wa pili "Vincent Brooks, Day & Son, Imp.", na katikati "L. Reeve & Co. London". Chini ya mmea kuna vichoro vidogo vyenye namba visivyo na maelezo yoyote. Nyuma kuna vipande viwili vya selotepu vilivyogeuka rangi ya chai, na pembezoni madoadoa ya kahawia. Ile alama ya kubonyea inayoachwa na bamba la shaba haipo kabisa.

Maswali yangu. Rangi iliyopakwa kwa mkono na iliyochapwa na mashine zinatofautishwaje? Kukosa alama ya bamba kunaifanya feki? Mtandaoni mmea huu siku hizi unaitwa Streptocarpus, karatasi inasema Saintpaulia, nani kakosea? Na ikinunuliwa itakaa hapa hapa Tanga, na unyevu mnaujua. Ifanyiwe nini isiharibike? Kuna wazo pia la kuikuza iwe A3.

lenzi_kumi

Anza na hayo maandishi madogo, maana ndiyo cheti cha kuzaliwa cha karatasi. "Del." ni aliyechora, "lith." ni aliyehamishia mchoro kwenye jiwe, "imp." ni kiwanda kilichochapa. M.S. ni Matilda Smith, aliyechorea Curtis's Botanical Magazine, gazeti la Kiingereza la michoro ya mimea, kuanzia 1878 hadi 1923. J.N. Fitch ni John Nugent Fitch, mpwa wa Walter Hood Fitch, aliyechorea gazeti hilo kabla ya Matilda na kuacha 1877 baada ya kugombana na mhariri wake, Joseph Hooker, juu ya malipo. L. Reeve ndiye mchapishaji. Namba 7408 ni ya juzuu la 121, mwaka 1895. Kwa hiyo majina, namba na mwaka vinakubaliana. Hilo halithibitishi kwamba karatasi ni halisi, kwa sababu anayenakili hunakili na maandishi. Linathibitisha tu kwamba hakuna aliyebuni kitu.

Alama ya bamba isikusumbue. Gazeti hilo lilianza 1787 kwa michongo ya shaba, na kwenye shaba karatasi hubanwa kwa nguvu hadi bamba linaacha bonde pembeni. Miaka ya 1840 wakahamia lithografia: mchoro unachorwa kinyume juu ya jiwe la chokaa kwa wino wa mafuta, jiwe linaloweshwa, wino unashika penye mafuta tu. Jiwe ni tambarare, halina cha kubonyeza. Chapa ya 1895 ya gazeti hili *ikiwa na* alama ya bamba, hapo ndipo pa kutilia shaka. Na hata zile za shaba za mwanzo mara nyingi alama imekatwa na mjalidi, kwa kuwa kurasa zilikuwa ndogo.

Sasa rangi. Gazeti hili lilipakwa rangi kwa mkono tangu 1787 hadi 1948. Mistari meusi tu ndiyo iliyochapwa, kilichobaki ni brashi na rangi ya maji. Tafuta lenzi ya mara 10, ile ya fundi saa au sonara inatosha, uiweke jichoni kabisa kisha ulete karatasi hadi ionekane vizuri, sm 2 na nusu hivi. Angalia ukingo wa petali mahali zambarau inapokutana na mstari.

Rangi ya mkono ni utando usiokatika. Hauna nukta. Utaona imekolea kwenye ukingo ambako tone lilikauka mwisho, na mahali fulani imevuka mstari au imeishia kabla ya kuufikia, hata kama ni kwa nusu milimita. Kisha inamisha karatasi dirishani: kwenye vivuli vya kijani kilichokolea huenda ukaona mng'ao kama wa ukucha. Hiyo ni gundi ya mgunga iliyoongezwa ili kivuli kipate kina.

kona_ya_vitabu

Kwa kifupi: ukiona nukta, kimbia.

Bi_Chapa

Hapana, usikimbie bado. Kanuni hiyo imewafanya watu waache chapa nzuri sana. Nukta ziko za aina nne, na mbili kati ya hizo ni za zamani kabisa.

Ofseti ya kisasa: nukta zimepangwa kwa mistari, za samawati, waridi kali, njano na nyeusi, na zinakutana kwa vishada kama viua vidogo. Hata mstari "mweusi" wa mchoro umevunjika kuwa nukta. Hiyo ni nakala, na nyingi zimekatwa kutoka kalenda au vitabu vya picha.

Printa ya wino: vitone vidogo mno vimetawanyika ovyo kama vumbi, na ukingo wa mstari una ukungu. Hii nayo ni nakala, na ndiyo inayodanganya zaidi ikichapwa kwenye karatasi nene ya rangi ya maziwa.

Kromolithografia: nukta na mikwaruzo isiyo na mpangilio, kila rangi na jiwe lake, rangi moja juu ya nyingine. Pembeni ya jani utaona rangi mojawapo imeteleza kidogo kutoka mahali pake. Hizi ni halisi za karne ya 19. Flore des Serres, gazeti la maua la Van Houtte kule Ghent, Ubelgiji, lilijaa hizo. Na hapa mwuliza swali azingatie: Saintpaulia hiyo hiyo ilitoka kwanza Ujerumani, katika gazeti la bustani Gartenflora la 1893, namba 1391, pale Hermann Wendland alipoupa mmea jina. Atakayekutana na karatasi *ile* asitegemee brashi na utando.

Ya nne ni mchongo wa vitone kwenye shaba, kazi ya Redouté, mchoraji wa maua. Chapa za Les Roses, 1817 hadi 1824, zina vitone kila mahali, lakini kila kitone ni kishimo kilichojazwa wino wa rangi yake, wa waridi penye waridi na wa kijani penye kijani, kisha brashi ikamalizia. Hakuna rangi nne zinazorudiwa karatasi nzima.

Kwa hiyo swali si "kuna nukta?" bali "chapa hii ilitakiwa iwe na nukta?". Kwa 7408 jibu ni hapana.

Ongeza kipimo cha karatasi. Chukua ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, ingia chumba cha giza, mulika mbele na nyuma. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha weupe, nazo huwaka buluu-nyeupe kama shati jeupe la disko. Karatasi ya 1895 hubaki imefifia, ya manjano au kahawia. Usiikague kwenye meza yenye karatasi nyeupe za ofisi, maana mwanga wake utaikumba na utadhani ndiyo inayowaka.

Mwisho angalia kingo nne. Karatasi iliyotolewa kwenye juzuu huwa na ukingo mmoja wenye matundu ya uzi, gundi kavu au mchaniko, na mitatu iliyonyooka. Ikiwa yote minne ni safi kama ya rimu mpya, uliza kwa nini.

lenzi_kumi

Bi Chapa kanikumbusha udanganyifu mwingine: chapa halisi ambayo haikupakwa rangi, mtu akaipaka juzi. Kwa gazeti hili si kawaida, lakini kwa vitabu vya karne ya 17 na 18 ni jambo la kila siku. Hortus Eystettensis ya Besler ya 1613, kwa mfano, iliuzwa yenye rangi na isiyo na rangi pia. Dalili yake iko kwenye madoa. Rangi ya zamani ilikuwapo kabla ya doa, kwa hiyo doa hupita ndani yake. Rangi mpya hukaa juu ya doa, na penye mkunjo au mpasuko huingia ndani ya ufa na kuacha mstari uliokolea. Rangi ya miaka mia huwa pia imeacha kivuli hafifu nyuma ya karatasi, hasa kijani cha shaba, ambacho hula karatasi hadi upande wa pili unageuka kahawia kwa umbo la jani.

jina_halali

Nichukue swali la jina. Hakuna aliyekosea. Karatasi inabeba jina la siku ilipochapwa.

Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani Tanga. Mimea ya ua hili ikapelekwa kwa baba yake Ujerumani, ikamfikia Wendland kwenye bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akaiita Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha vinasaba, kundi zima likaingizwa ndani ya Streptocarpus, na jina la mmea sasa ni Streptocarpus ionanthus. Mwisho wa neno umebadilika kufuata jinsia ya jina la kwanza kwa Kilatini. Saintpaulia limebaki jina la sehemu ndani ya Streptocarpus, na wauza maua hawajaliacha wala hawataliacha leo.

Kama unapenda chapa zenye asili ya kwetu, tafuta pia namba 6643 ya gazeti hilo hilo, 1882, Impatiens sultani. Mmea ulitoka Zanzibar kwa mkono wa John Kirk, konseli wa Uingereza huko, na jina ni heshima kwa Sultani wa Zanzibar. Lakini leo ni Impatiens walleriana, kwa sababu mmea huo huo ulikuwa umeshapewa jina hilo 1868, na jina la kwanza kuchapishwa ndilo linaloshinda. Sultani akapoteza kiti kwa tofauti ya miaka 14.

Namba hizo mbili zinakupa na kipimo cha kukadiria mwaka. Kutoka 6643 hadi 7408 ni michoro 765 kwa miaka 13, yaani karibu 60 kwa mwaka. Ukikuta namba 7000 tu bila tarehe, toa 6643, gawa kwa 59, unapata miaka 6: takriban 1888. Nje ya kipindi hicho usiitumie, mwendo wa gazeti haukuwa mmoja.

Vile vichoro vya chini ni sehemu za ua zilizopasuliwa na kukuzwa: kikombe, stameni (sehemu za kiume), ovari (kifuko cha mbegu) na kadhalika. Maelezo yake hayakukosewa kuandikwa. Yalikuwa kwenye ukurasa wa maandishi uliokaa na mchoro, wenye namba hiyo hiyo ya Tab. (yaani namba ya mchoro). Muulize muuzaji kama anao. Karatasi bila ukurasa wake ni nusu ya kitu, na bei iakisi hivyo. Kwenye Saintpaulia angalia stameni: zinazozaa ni mbili tu, zenye chavulio (vifuko vya chavua) kubwa za njano zilizogusana, na mtindo wa ovari, yaani kijiti chembamba kinachotoka juu yake, umelala upande mmoja, kushoto au kulia kutegemea ua. Mchoraji mzuri haunyooshi mtindo huo ili picha ipendeze.

Na mtu asikudanganye kuwa kazi "haikumalizika" ukiona jani la nyuma limeachwa mistari mitupu. Kwenye gazeti hili ni kawaida. Kila rangi ilikuwa kazi ya mkono kwenye kila nakala, na jani la nyuma halikuongeza taarifa.

mlima_amani

Shukrani sana. Nimekagua na lenzi ya fundi saa. Zambarau ni utando, haina nukta, na kwenye petali moja imevuka mstari. Kwa taa ya noti karatasi imefifia yote, kilichowaka ni kibandiko cha bei tu. Ukingo wa kushoto una matundu matatu. Ila zambarau yake imeelekea buluu kuliko skani niliyoiona mtandaoni. Ni nakala mbaya?

Bi_Chapa

Basi unayo halisi. Kuhusu buluu kuna sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza: wapaka rangi walikuwa wengi, wakifuata karatasi moja ya mfano, na hakuna nakala mbili zinazofanana kabisa. Ya pili: zambarau ya rangi ya maji hupatikana kwa kuchanganya buluu na nyekundu, na nyekundu za aina ya karmini hupauka kwa mwanga mapema kuliko buluu. Ua linabaki likielekea buluu.

Kuzitenganisha, tazama karatasi yenyewe. Kama kuna mstatili uliogeuka rangi katikati na ukanda uliopona pembeni, ilikaa kwenye fremu mwangani miaka mingi, na nyekundu imekwenda. Kama karatasi ni sawa kote, basi huenda mpakaji tu alikuwa na mkono wake. Ukiona pia sehemu nyeupe za ua zimegeuka kijivu au nyeusi, ni nyeupe ya risasi iliyokutana na salfa ya hewani. Usijaribu kuisugua.

karatasi_na_unyevu (Mombasa)

Sasa kuitunza, na hapa ndipo chapa nyingi za pwani hufa.

Kwanza usiioshe. Watu huona madoa ya kahawia wakawaza maji, Jiki, limau. Rangi hii imeshikwa na gundi inayoyeyuka kwa maji. Tone moja linaacha pete, na ukiizamisha zambarau yote inahamia kwenye beseni. Jiki inang'arisha doa wiki ya kwanza, kisha mabaki yake yanaifanya karatasi iwe dhaifu na ya njano. Madoa hayo yaache. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kupangusa vumbi kwa brashi laini, na pembezoni tu, pasipo rangi, kuviringisha unga wa kifutio cheupe kwa kidole bila kukandamiza.

Selotepu usiivute. Ikiwa plastiki imeshakauka itadondoka yenyewe, na gundi iliyozama kwenye karatasi ni kazi ya fundi wa kuhifadhi karatasi. Ukiivuta, inaondoka na ngozi ya karatasi, na pale mbele rangi inapasuka.

Kinachoua ni unyevu. Ukungu huanza kuota hewa ikishapita asilimia 65 hadi 70 ya unyevu, na pwani tunapita hapo kirahisi. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, ukiweke chumbani wiki nzima kabla ya kuchagua ukuta. Ukuta wa nje, wa bafuni na wa jikoni usiuguse. Chini ya fremu, kwenye kona za nyuma, gundisha vipande vya koki vya sm 1 ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Fundi fremu umsimamie, usimwachie. Mambo matatu asiyafanye: asiigundishe kwenye hadibodi, asiipunguze ukingo ili iingie kwenye fremu aliyonayo, asiiache iguse kioo. Ikigusa kioo, jasho la asubuhi linaigandisha hapo, na siku ya kuitoa rangi inabaki kwenye kioo. Dawa yake ni kadi yenye dirisha, isiyo na asidi, unene wa mm 2 au zaidi, kati ya chapa na kioo, na kadi nyingine ya aina hiyo nyuma. Kadi za kawaida zina asidi. Utazijua baada ya miaka michache kwa ule mstari wa kahawia kuzunguka dirisha.

Kuishika, njia rahisi kwa asiye fundi ni pembe nne za karatasi isiyo na asidi: unakunja ukanda uwe pembetatu, kona ya chapa inaingia ndani, gundi inashika kadi ya nyuma tu. Acha nafasi ya mm 1 kila kona, maana karatasi hutanuka masika na kusinyaa kaskazi. Ukiibana itajikunja mawimbi.

Ukitaka bawaba, yaani vikanda vya kuishikiza chapa kwenye kadi ya nyuma, tumia karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano. Ni wanga, si unga wa chapati: unga una protini, unageuka njano na unaita wadudu. Kipimo 1 cha wanga kwa 5 vya maji, koroga motoni taratibu dakika 20 hadi 30 hadi uwe mzito na wa kung'aa, poza, pitisha kwenye chujio. Bawaba mbili, ukingo wa juu tu. Chana karatasi ya bawaba kwa kulowesha mstari badala ya kukata kwa mkasi, ili ukingo uwe na nyuzi na usiache alama mbele. Uji ukikaribia kukauka kwenye brashi ndiyo wakati wa kuupaka. Ukiwa na majimaji, maji yanapenya mbele na utaona mstari.

Mwanga: makumbusho hutumia lux 50 (kipimo cha mwanga, na huo ni hafifu) kwa rangi za maji. Nyumbani maana yake ukuta ambao jua haliufikii saa yoyote, na taa izimwe usipokuwapo. Kioo cha kuzuia UV (miale ya urujuanimno) husaidia, lakini mwanga wa kawaida nao unapausha, polepole tu.

Kwa maoni yangu, ya asili uiweke kwenye jalada lisilo na asidi ndani ya kabati kavu, utundike nakala.

lenzi_kumi

Naunga mkono, na hiyo inaingia kwenye swali la A3. Skani kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi), rangi biti 48 kama mashine inaweza, hifadhi kama faili la TIFF. Urefu wa sm 24 unakupa pikseli karibu 5,670, na A3 kwa 300 dpi inahitaji 4,961, kwa hiyo unatosha na kuzidi. Umbo halilingani na A3: ukikuza hadi urefu wa sm 42, upana unafika sm 26 na robo, na karatasi ni 29.7. Acha ukanda mweupe wa sm 1.7 kila upande. Usiinyooshe ijaze, jani litanenepa.

Zima kitufe cha kuondoa nukta kwenye skana. Kimetengenezwa kwa picha za magazeti. Kwenye rangi ya mkono kinafuta punje za jiwe na kingo za brashi, ndivyo vitu unavyovitaka. Zima pia urekebishaji wa rangi wa moja kwa moja, ambao utaifanya karatasi ya 1895 kuwa nyeupe ya fotokopi na kuivuta zambarau zaidi kwenye buluu. Skana ya kulaza tu, ile ya kuvuta karatasi usiipe kitu cha miaka 130. Weka karatasi nyeusi nyuma yake kama maandishi ya upande wa pili au selotepu vinaonekana.

Haki za kunakili hazikuzuii. Matilda Smith alifariki 1926, J.N. Fitch 1927, na muda umepita hata mahali panapohesabu miaka 70 baada ya kifo. Ukitaka nakala yenye zambarau isiyopauka, Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni, wameweka juzuu za gazeti hili bure. Tafuta juzuu la 121, na ukifika hapo pakua na ule ukurasa wa maandishi wa Tab. 7408, ndio wenye maelezo ya vichoro vyako vya chini.